Dohani Moja, Boila Tatu

Leeuwarden, Jumanne, 8 Oktoba 1996

Boila yangu imekufa leo asubuhi, kabla ya saa moja, nikiwa na sabuni usoni. Maji yalipoa ghafla, kikasikika kishindo kidogo ndani ya kabati la jikoni, basi. Nimepoteza joto la vyumba vyote vitatu, maji ya moto, na mashine niliyoinunua mwaka 1979 kwa hela ya soksi na vifungo ninavyouza sokoni, bila kumpigia mtu magoti. Miaka kumi na saba niliihudumia kila vuli kama mgonjwa wa heshima, nayo imeondoka mwanzoni mwa baridi. Ingekufa Mei ningeisamehe.

Fundi Gjalt alikuja adhuhuri. Akafungua, akachungulia, akapiga mluzi.

"Hii imetoboka tumbo, mama. Hata nikiiziba leo, kesho utaniita tena."

"Nipe bei."

"Unataka ya kawaida au ya ufanisi?"

Akanieleza akiwa amekaa juu ya sanduku lake la vyuma. Boila ya kawaida anaifunga palepale ilipokuwa ile ya zamani, moshi unapanda dohani ileile, na keshokutwa nina joto. Ya ufanisi inaukamua moshi joto lote mpaka unatoka umepoa na umelowa. Matofali ya dohani ya zamani yatayanywa yale maji na kuoza. Kwa hiyo lazima ateremshe bomba ndani ya dohani kutoka juu ya paa, na bomba likishaingia, boila ya kawaida haina tena pa kutolea moshi wake.

Na dohani ni moja. Mimi niko chini, mdogo wangu Hiske na mumewe Wiebe wako katikati, Mwalimu Terpstra yuko juu. Bomba haliwezi kutokea ukutani: wa mbele unatazama mfereji na manispaa hairuhusu hata kugongelea msumari. Wa nyuma unakaribia dirisha la jirani kiasi cha kupeana chumvi.

"Kwa hiyo ama nyote watatu," akasema Gjalt, "ama hakuna."

Jumatano, 9 Oktoba

Hesabu. Natumia gesi mita za ujazo 2,100 kwa mwaka. Ya ufanisi itanipunguzia moja ya tano, yaani 420. Kwa senti sitini kila mita, ni gilda 252 kila mwaka. Ya kawaida, kazi na vifaa, gilda 2,300. Ya ufanisi 3,600, na theluthi yangu ya bomba la dohani ni 500. Tofauti ni 1,800. Inarudi kwa miaka saba na kidogo, na boila huishi kumi na tano. Sina haja ya kushawishiwa na mtu. Nina haja ya majirani wawili.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kahawa kwa Hiske, sote wanne. Biskuti moja kila mtu, kopo likafungwa. Nikaziweka namba mezani.

Mwalimu Terpstra alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Alifundisha jiografia miaka thelathini na bado hujibu kama anayeonyesha mto kwenye ramani. "Kimsingi," akasema, "sina kipingamizi."

Wiebe aliuliza, "Miaka saba, shemeji?"

"Saba na kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Miezi miwili, Wiebe. Utakufa?"

Akacheka. Hiske ndiye aliyenishika mkono. "Dada, usije ukanunua ya kawaida kwa kukata tamaa. Tungoje. Wiebe akipata malipo yake ya mwisho wa mwaka tunafanya pamoja, sote watatu, kwa siku moja."

"Mwisho wa mwaka ni mbali. Mimi sina moto tangu juzi."

"Utakuja kuoga kwetu. Froukje, si sisi ni ndugu?"

Nikakubali. Nimempa Gjalt neno langu: ya ufanisi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimenunua hita ya umeme. Inapasha mguu mmoja.

Ijumaa, 18 Oktoba

Soko. Mvua imelazwa na upepo. Soksi nene zimeuzika.

Ijumaa, 25 Oktoba

Boila yangu mpya imefika, nimelipa yote, 2,700 kwa mashine yenyewe. Gjalt alisema nikilipa sasa napata bei ya zamani, kuanzia Januari zinapanda. Imesimama koridoni ndani ya boksi lake, imefika kifuani kwangu. Nimetundika koti juu yake.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimeoga kwa Hiske. Wiebe aliniwekea taulo mlangoni kama mwenye hoteli.

"Shemeji, unajua baridi yako inapanda? Sakafu yetu imekuwa kama ya bucha. Nimevaa soksi mbili mbili kwa ajili yako."

"Umezinunua kwa nani?"

"Kwako! Ndiyo maana nakushuku."

Tulicheka mpaka Hiske akatuambia tunamwaga maji bure. Ni watu wema wale. Nikiwa peke yangu huku chini huwa nasahau.

Jumatatu, 11 Novemba

Watoto wa sikukuu ya taa wamepita na taa zao za karatasi kuimba mlangoni. Nimewapa machungwa madogo. Mmoja akasema, "Bibi, unatoa moshi mdomoni ndani ya nyumba."

Jumamosi, 16 Novemba

Wiebe ameshuka na daftari la hesabu za shule, sijui la nani. Ametaka nimwonyeshe tena namba zangu, moja moja. Nilifurahi. Ni mara ya kwanza mtu wa familia hii kuniuliza hesabu badala ya kuniambia nina roho ya mizani.

"Kwa hiyo kabla ya mwaka wa saba uko hasarani," akasema.

"Uko hasarani, lakini kila mwaka kidogo kuliko uliopita."

"Na mtu akihama mwaka wa kwanza?"

"Huyo amemnunulia joto mtu asiyemjua. Nani ahame?"

"Nauliza tu, shemeji. Kichwa changu kizito."

Akanywa kahawa yangu, akasifu koti juu ya boila, akapanda.

Jumamosi, 23 Novemba

Leo hakuna kuoga. Hiske alinikuta ngazini. "Dada, samahani, bafu limeharibika, Wiebe anabadilisha mipira ya bomba. Wiki ijayo." Alisimama katikati ya ngazi kama anayezuia ng'ombe. Nimekwenda kuoga kwenye bwawa la kuogelea la manispaa. Gilda tano, na nywele zinanuka dawa.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimeoga kwa Hiske. Maji yamekuja moto haraka kuliko zamani. Nikamwambia Wiebe mipira yake imefanya kazi. Akasema, "Eh, mipira!" akaenda jikoni.

Alhamisi, 5 Desemba

Usiku wa zawadi na beti za kutaniana, kama kila mwaka. Hiske amenipa glavu za sufu za kuvaa ndani ya nyumba, na ubeti unaosema nina mchumba mpya, mrefu, mweupe, anayelala koridoni na hataki kunipasha. Mwalimu alicheka mpaka miwani ikaanguka. Nami nilicheka. Wiebe hakucheka, nikadhani anaumwa.

Jumapili, 15 Desemba

Nimemuuliza Hiske tarehe. "Baada ya sikukuu, dada. Nani atapanda paa sasa?"

Jumapili, 22 Desemba

Upepo umegeuka, unatoka mashariki. Mfereji umeanza kuganda kingoni.

Alhamisi, 26 Desemba

Chini ya sifuri mchana kutwa. Mji mzima umepata wazimu. Kila mtu anazungumzia unene wa barafu: sentimita ngapi hapa, sentimita ngapi kule chini ya daraja, na iwapo mbio za kuteleza barafuni kupitia miji kumi na moja zitafanyika baada ya miaka kumi na moja ya kungoja. Mkate unanunuliwa kwa salamu ya "baridi bado inakaza?" Wanaume wazima wanaomba baridi iongezeke. Nadhani katika jimbo zima ni mimi peke yangu ninayeomba iyeyuke.

Jumapili, 29 Desemba

Bomba la maji baridi jikoni limeganda. Nimelipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, nusu saa. Nalala na kofia.

Jumanne, 31 Desemba

Hita moja, blanketi nne. Mwalimu ameniletea andazi moja la mafuta kwenye kitambaa, limeshapoa. Alisimama mlangoni akilitazama boksi la boila badala yangu. "Kheri ya mwaka mpya, bibi Froukje," akasema, akapanda.

Alhamisi, 2 Januari 1997

Naandika nikiwa nimevaa glavu za Hiske, kwa hiyo mwandiko huu na usomwe na anayeweza.

Leo Hiske ametimiza miaka hamsini na mbili, na leo hiihii wametangaza: mbio ni keshokutwa, hapahapa Leeuwarden zinaanza na hapa zinaisha. Basi usiku wa leo sebule yake ilijaa kama treni. Viti vimezunguka ukuta, keki gotini, na kila anayeingia anazunguka duara lote akipeana mikono: hongera ya Hiske kwa mwenyewe, hongera ya mkeo, hongera ya dada yako, hongera ya jirani yako. Nilikaa karibu na kipasha-joto. Sitaficha, nilikuja kwa ajili ya kipasha-joto zaidi ya keki.

Akaingia Oebele, binamu wa Wiebe, kutoka Drachten, mtu mkubwa mwenye mkono kama mkate. Akaanza kuzunguka duara. Aliponifikia akaukamata mkono wangu.

"Hongera ya mdogo wako!"

"Asante."

"Na hongera ya boila pia! Yaani humu ndani ni kiangazi! Mimi niliwaambia, chukueni ya kawaida, ya nini kutajirisha fundi kama mnahama Aprili?"

Redio jikoni ilikuwa ikihesabu sentimita za barafu.

"Boila ipi?" nikauliza.

Oebele akamtazama Wiebe. Wiebe akaitazama keki yake. Hiske alikuwa amesimama na birika la kahawa, na kahawa ikaendelea kumwagika katika kikombe cha mtu mpaka kikafurika.

Nikaondoka kitini. Nikaenda kwenye kabati la jikoni lao, nikafungua. Imo. Mpya, nyeupe, ya kawaida, na mdomo wake umeingia ndani ya dohani yetu. Kibandiko cha fundi wa mji mwingine kina tarehe: Ijumaa, 22 Novemba. Siku ya soko. Walijua Ijumaa sipo tangu alfajiri hadi jioni.

Nyuma yangu Hiske akasema kwa sauti ndogo, "Dada, watu wanatusikia."

Huo ndio wasiwasi wake wa kwanza. Nikachukua koti, nikazunguka duara lote nikimpa kila mtu mkono kama inavyopaswa, nikashuka.

Ijumaa, 3 Januari

Sikwenda sokoni mpaka saa nne. Kabla ya hapo nilipanda kwa Mwalimu.

"Ulijua?"

Akaivua miwani. "Nilisikia mafundi siku ile. Wanagonga, unajua, sauti inapanda."

"Wiki sita, Mwalimu. Umenipita ngazini wiki sita, umevaa skafu, mimi ninavuta pua."

"Nilifikiri ni mambo ya familia."

"Na dohani? Dohani nayo ni ya familia?"

Akaanza kuifuta miwani. Nilikuwa nikimwona mtu mpole asiyependa kelele. Leo nimeuona upole wake ulivyo: ni mlango tu, na anaufunga.

Nikashuka kwa Hiske. Wiebe alinifungulia akiwa na nguo za ndani za sufu. Hiske alikuwa kitandani na uso umevimba. Nikamwambia Wiebe aongee yeye, kwa kuwa yeye angalau anajua kuhesabu.

"Shemeji, nitakwambia wazi. Binti yetu anajifungua Mei, tunahamia Drachten. Dalali alikuja kupima vyumba Septemba."

"Septemba."

"Septemba. Boila yetu ilikuwa inakaribia kufa kama yako, na mnunuzi hataki boila mbovu. Wewe mwenyewe ulinionyesha: kabla ya mwaka wa saba ni hasara. Sisi tuna miezi mitano. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?"

Ningenunua ya kawaida. Hilo ndilo lililoniuma. Hesabu yake ni sahihi, niliitengeneza mimi, nikamwekea na kahawa.

"Ningenunua ya kawaida," nikasema. "Lakini ningesema tarehe kumi Oktoba, mezani, nawe ungenunua yako na mimi yangu, na mimi ningekuwa na joto tarehe kumi na mbili. Kwa nini hamkusema?"

Wiebe akageuka kuelekea chumbani. Hiske akajibu bila kutoka kitandani:

"Ningesema hapana, ungeuliza kwa nini. Na ningekwambia kwa nini, ungelia."

"Mimi? Lini mara ya mwisho uliniona nalia?"

"Ndiyo maana niliogopa. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia."

"Na ulipata siku nzuri ya kuandika ubeti."

Akavuta blanketi. Nikashuka, nikaenda sokoni.

Jumamosi, 4 Januari

Mbio. Nimeuza kila soksi niliyokuwa nayo, na zile za vuli iliyopita zenye rangi ya haradali. Watu wasiojuana walikumbatiana. Sikutazama hata mtelezaji mmoja.

Jumapili, 5 Januari

Gjalt amekuja, Jumapili, kwa aibu. Hakujua, fundi wao hakuwa yeye. Tumesimama mbele ya boksi kama wenye maiti.

Njia ni mbili. Ya kwanza: anairudisha hii, duka linakata asilimia ishirini, yaani nazika gilda 540, anafunga ya kawaida kwa 2,300 na Jumatano nina joto. Narudi kwenye dohani pamoja nao kama hakuna kilichotokea. Na gesi yangu ni ileile ya mwaka 1979 mpaka nizeeke.

Ya pili: dohani aachiwe Hiske, na yangu ipandishiwe bomba lake peke yake. Linatoboa dari yangu, linapita pembeni mwa chumba cha kulala cha Hiske, nyuma ya kabati la nguo, kisha jikoni kwa Mwalimu, hadi paa. Unene wa sahani ya chai. Bomba na kazi ni 1,500, zote zangu, na nitawazibia ukuta na kupaka rangi. Nimefanya hesabu upya: tofauti sasa, nikiiacha kando ile 540, ni 2,800, inarudi mwaka wa kumi na mbili. Nitakuwa na miaka sitini na tisa. Bado naichagua. Nataka kuchagua mwenyewe kitu kimoja katika nyumba hii kabla hajaja mgeni kukaa juu yangu.

Mwalimu ameshakubali bomba lipite jikoni kwake. Amekubali haraka mno, bila "kimsingi". Sijamshukuru.

Wiebe nimemkuta akivunja barafu mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani atanunua nyumba yenye bomba la dada yake mtu kitandani?" akasema.

"Nyuma ya kabati."

"Mnunuzi atakuja na kabati lake, shemeji." Akaegemea koleo. "Mimi ningekuruhusu. Lakini nyumba imeandikwa jina la Hiske, wewe ndiye uliyesisitiza iandikwe hivyo. Kamuulize yeye."

Nimegonga kwa Hiske mara mbili leo. Mara ya kwanza alikuwa anaoga. Mara ya pili alisema kupitia mlango kwamba atalifikiria, wiki hii ina mambo mengi.

Jumatatu, 6 Januari

Bomba la jikoni limeganda tena na safari hii limepasuka. Nimefunga maji ya nyumba yangu yote. Nimechota ndoo kwa jirani wa mbele, mtu ambaye tumewahi kusalimiana tu.

Gjalt ana nafasi keshokutwa, na baada ya hapo hana mpaka mwishoni mwa mwezi, kwa sababu mji mzima mabomba yamepasuka. Anahitaji kujua kesho jioni abebe nini garini: bomba, au boila ya kawaida.

Kwa hiyo ukurasa huu nauchana na kuupitisha chini ya mlango wako, Hiske.

Sikuulizi kuhusu Septemba. Sikuulizi kuhusu tarehe ishirini na mbili. Siombi msamaha wako wala sikuletei wangu. Drachten nendeni, mtoto azaliwe salama, nitamletea soksi.

Nakuuliza jambo moja. Bomba langu lipite nyuma ya kabati lako, kwa gharama yangu, au lisipite?

Ukisema ndiyo, Gjalt anaanza kutoboa Jumatano saa mbili asubuhi, na mnunuzi atakuta ukuta umepakwa rangi. Ukisema hapana, nafunga ya kawaida, na kila mtu dalali atakayemleta kutazama vyumba atapita mbele ya mlango wangu wa chini, nami nitamweleza vizuri, bila tusi, jinsi dohani ya nyumba hii inavyofanya kazi na kwa nini hataweza kuibadilisha boila yako iwe ya ufanisi bila idhini yangu. Hicho si kitisho. Ndivyo ilivyo dohani moja.

Usimtume Wiebe. Usiniandikie ubeti. Usiniambie unalifikiria, umelifikiria tangu Septemba. Shuka ngazi mwenyewe, ugonge, useme neno moja, ndiyo au hapana. Nitakuwa koridoni kesho, Jumanne, mpaka saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na mbili na dakika moja nampigia Gjalt simu.

Ndiyo, Hiske, au hapana?